Toa Sita

Nianze na tabia yangu, usije ukasema sikukuonya. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimenuna, mkunga akauliza nani kamuudhi huyu. Basi ukiona mahali natukana, ujue ndivyo nilivyo, na ukiona mahali nimenyamaza, hapo ndipo pa kuniogopa.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Nilianza Dar es Salaam, nikaja kuendelea nayo huku Maryland. Watu wa nyumbani wakisikia hivyo wananiletea simu zilizopasuka vioo. Watu wa huku nao, tangu niajiriwe kwenye ofisi moja ya Rockville, mara mbili wamenikuta kwenye lifti wakaniuliza kama ndimi niliyekuja kuchukua takataka. Mara ya pili nilijibu kwamba ndiyo, na kwamba nimeanza na yeye. Hakuelewa, nashukuru Mungu.

Kuipata kazi yenyewe kulichukua usaili wa duru tano. Duru tano! Hata posa haina mizunguko hiyo. Walinisimamisha ubaoni nichore mti wa kompyuta, yaani mchoro wa data wenye matawi, kisha niugeuze, matawi ya kulia yaende kushoto. Niliugeuza. Miaka sita imepita na hakuna binadamu aliyewahi kuja mezani kwangu kuniambia, dada, tuna shida, tunaomba ugeuze mti. Mwingine akaniuliza kama ninaweza kufanya kazi na watu wengi. Nikamwambia nimekulia nyumba ya watu kumi na mmoja yenye choo kimoja. Hakucheka, aliandika.

Kampuni yetu inatengeneza programu kwa ajili ya mashirika yanayotunza wazee majumbani. Shirika linapanga nani aende kwa mzee yupi, lini, na programu inampigia mtunzaji simu kumkumbusha zamu yake. Watunzaji wenyewe unawajua, ni sisi sisi. Wakenya, Watanzania, Wakongo, wabeba boksi kama tunavyojiita, ingawa boksi lenyewe ni mzee wa kilo themanini anayetaka kugeuzwa kitandani. Shirika moja likaomba simu ziongee Kiswahili. Ofisi nzima ikageuza shingo kunitazama. Kuanzia siku hiyo nikawa wizara nzima ya Kiswahili, bila waziri na bila gari.

Niliifanya kazi ile kwa moyo, sitaki kudanganya. Ndiyo programu pekee niliyowahi kuiandika nikiwa na picha ya mtu kichwani. Nilijifungia kwenye kachumba ka mikutano nikarekodi kwa sauti yangu mwenyewe: "Habari za leo. Zamu yako ya kesho itaanza saa..." Halafu nikarekodi namba, moja hadi kumi na mbili, na "na nusu", na "na robo", na "kasorobo". Programu ilikuwa inaunganisha vipande. Nilirekodi pia "asubuhi", "mchana", "jioni" na "usiku", lakini meneja akasema simu ni ndefu mno, watu wanakata kabla haijaisha, punguza. Nikaviondoa vile vipande. Nilisema moyoni, mtu anajua mwenyewe kama anaambiwa asubuhi au jioni.

Sasa wewe unayesoma sina haja ya kukufundisha saa. Kompyuta ikisema kumi asubuhi, sisi tunasema saa nne. Kwa hiyo katika programu yangu niliweka mstari mmoja mfupi: chukua saa, toa sita. Juu yake nikaandika onyo kwa herufi kubwa, kwamba hili si kosa, ndivyo Waswahili wanavyohesabu, usiguse. Meneja wangu, mvulana wa hapa hapa Maryland mwenye ndevu za kuchonga, alipouona ule mstari alicheka mpaka akashika meza. "Kwa hiyo ninyi kila siku mnachelewa kwa saa sita?" Mzaha huo ulizunguka ofisini wiki mbili. Nikichelewa mkutano dakika tano, mtu anasema, mwacheni, kwake bado alfajiri. Nilicheka nao. Ndiyo, nilicheka, ingawa meno yalikuwa yamegusana kwa hasira.

Ikaja mashine. Wenye kampuni walinunua ile akili bandia inayosoma kazi zetu zote na kuzisahihisha, wakatuitia mkutano wenye piza na keki, na ofisi ikikulisha keki ujue kuna mtu anachimbiwa. Mashine inasahihisha, wewe unasoma, unabonyeza "Kubali". Hiyo ndiyo ikawa kazi yetu. Na kila Ijumaa wakawa wanatangaza nani amekubali masahihisho mangapi, na aliye chini anaulizwa kama ana tatizo nyumbani. Mimi nilikuwa chini wiki tatu mfululizo, kwa sababu nilikuwa ninasoma. Mjinga mimi. Nikaona isiwe taabu, nikaanza kubonyeza kama wenzangu.

Alhamisi moja mashine ikaniletea sahihisho. Imegundua kosa la majira, inasema kwa adabu zake zote. Kuna mahali mtu anapunguza saa sita bila sababu inayotambulika. Imeuondoa mstari huo, na imeliondoa na onyo lililokuwa juu yake, maana halina kazi tena. Nilikuwa ninakula wali maharage mezani, kijiko mkono wa kulia. Kwa mkono wa kushoto nikabonyeza "Kubali". Usiniletee ile ya haraka haraka, ninaijua, niliimbishwa darasa la kwanza.

Jumapili huwa tunasali Laurel, kwenye kanisa la kuazima, wenyewe wakishamaliza ibada yao ya Kiingereza. Baada ya ibada kuna chai, na kwenye chai ndiko Wakenya na Watanzania tunakofanyia vita vyetu. Kuna mama mmoja Mkenya wa Temple Hills, mtu wa makamo, mtunzaji wa wazee kwa miaka kumi na minne, aliyekuwa adui yangu mpenzi. Mimi nikisema "naomba chumvi", yeye anasema, "Ona huyu, anaombea hata chumvi, si useme nipe?" Tangu zile simu zianze, alikuwa akinitania mbele ya watu. "Jana huyu msichana amenipigia tena. Ananiambia niende kazi, na kaKiswahili kake katamu, mtu hawezi kataa."

Jumapili hiyo hakunitania. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye badala ya kuitikia akanishika kiwiko akanipeleka kwenye kona ya makoti.

"Wamenifuta kazi," akasema.

"Nani kakufuta?"

"Hawa watu wa ofisi. Eti nimeacha mzee pekee yake. Karibu masaa sita." Alikuwa ananong'ona, na mtu huyu hajawahi kunong'ona maishani mwake. "Si ni wewe ulinipigia Ijumaa? Kila siku mimi naingia saa mbili asubuhi. Ijumaa ukanipigia ukasema kesho itaanza saa kumi. Nikasema asante Yesu, wamenisongezea mpaka jioni, asubuhi nitafua nguo. Nikafika saa tisa na nusu, hata mapema. Nikapata binti yake amesimama kwa mlango hivi."

Akasimama kama alivyosimama yule binti, mikono kifuani.

"Mzee alikuwa kwa kiti, na nepi ya usiku, hajakunywa hata maji. Alipoona ni mimi akalia. Akanishika mkono. Binti yake akautoa huo mkono, kidole moja moja. Aki mimi hiyo ndiyo imeniua, si kazi."

Nikakiweka kikombe cha chai dirishani. Niliisikia hesabu ikijifanya yenyewe kichwani: zamu ilisogezwa hadi kumi, kumi yao ya asubuhi, na sauti yangu ikasema kumi, kumi yetu. Toka kumi yao hadi kumi yetu ni saa sita.

"Ni sauti yako, si ndiyo?" akaniuliza. "Ulisema saa kumi?"

"Nitaangalia, mama," nikasema. "Kesho nikifika ofisini nitaangalia."

Kazi yenyewe angeweza kupata nyingine, wazee hawakosekani huku. Kilichomtetemesha ni neno walilotaka kumwandikia. Ukifukuzwa kwa kuchelewa, umechelewa. Lakini wakiandika kwamba ulimtelekeza mgonjwa, neno hilo linakaa kwenye kumbukumbu zako za utunzaji, na kila shirika utakalokwenda linaliona kabla halijaona uso wako. Shirika lilimpa nafasi ya kujitetea baada ya kama wiki tatu. Baada ya hapo wangeandika.

Jumatatu nilifika kabla ya watu wa usafi. Programu hazisahau. Ukifungua historia yake unaona kila mstari ulioingia na uliotoka, saa ngapi, kwa idhini ya nani. Nikaona mstari wangu umetoka Alhamisi. Umeondolewa na mashine. Umeidhinishwa na mimi, majina yangu yote matatu, na kapicha kangu ninapotabasamu.

Nikamfuata meneja. Nilimweleza yote, pamoja na wali maharage. Akainuka, akafunga mlango, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza cha adabu nilichowahi kumwona akikifanya.

"Rudisha mstari sasa hivi," akasema. "Na usiandike chochote kuhusu hili, si kwa shirika, si kwenye barua pepe."

"Na yule mama?"

"Kuna wengine waliopigiwa simu hizo hizo mwishoni mwa wiki, na walifika kwa wakati." Akanigeuzia kompyuta yake. Walikuwa watatu. Mmoja ana mume Mmarekani anayemsomea ratiba. Wawili walikuwa Wakongo wa Lubumbashi, na wao saa kumi ni kumi ya kizungu, walifundishwa kuhesabu saa na Wabelgiji. Nikajaribu kumweleza. Akasema, "Unaona? Hata wenyewe hamjakubaliana."

Nilimwambia huyu mtu anaandikiwa kosa lisilo lake. Nilimwambia kwa sauti ambayo nje ya mlango waliisikia. Akaniacha nimalize. Halafu akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za watoto, karatasi zangu za ukaazi zimefikia wapi. Anajua zilipofikia. Kampuni ndiyo iliyoniombea, na sahihi iliyobaki ni ya huyo huyo meneja.

Sasa mimi mwenye hasira za karibu, mimi niliyemjibu mtu wa lifti, nilisema, "Bado zinashughulikiwa." Nikarudi mezani kwangu. Niliurudisha mstari kwa dakika nne, na onyo lake la herufi kubwa. Nikaijaribu, ikasema saa nne kwa sauti yangu, safi kabisa. Kabla ya kuurudisha ningeweza kuipiga ile simu iliyokuwa inasema vibaya, nikairekodi kwenye simu yangu iwe ushahidi, ingechukua dakika ya tano. Kampuni haihifadhi sauti za simu zile. Inahifadhi tu kwamba mtu alipigiwa, akapokea, na zamu ni kumi. Nilijua hilo, maana sehemu hiyo niliiandika mimi. Niliogopa. Nimejaribu kutafuta neno lingine la kiume kidogo, halipo.

Jumapili iliyofuata mama alinisubiri mlangoni mwa kanisa.

"Umeangalia?"

"Nimeangalia. Kuna... mambo ya mitambo, mama. Siruhusiwi kuyasema."

Alinitazama kidogo. Nilidhani ameelewa. Kumbe alikuwa ananionea huruma, kwamba kazi yangu ni ya siri kubwa. "Sawa, usijiingize kwa shida," akasema. "Wewe niandikie tu barua. Hii Kizungu yako nzuri. Waambie saa yetu si kama yao. Mimi nikisema hawanielewi, wanasema accent."

Niliandika barua hiyo Jumamosi nzima. Sijawahi kuandika kitu kizuri namna ile. Nilieleza jinsi siku yetu inavyoanza kunapokucha, si katikati ya giza wakati watu wamelala. Nilieleza kwamba saa yao ya saba ni saa moja yetu, ya nane ni saa mbili, na kwamba Mswahili yeyote, wa Mombasa au Morogoro, akitaka kusema kumi asubuhi atasema saa nne, na akisikia saa kumi atakwenda jioni. Nikaeleza miaka yake kumi na minne. Kurasa mbili, na kila neno lililomo ni la kweli. Sentensi moja tu sikuiweka, ile ya Alhamisi. Mwisho nikatia sahihi kama mwenzake wa kanisani, bila kutaja ninakofanya kazi.

Nilipompa Jumapili aliisoma palepale kwenye gari lake, akanibusu paji la uso. Alisema tangu aje Amerika hajawahi kuona mtu ameandika jina lake kwa heshima hivyo.

Kikao chao kilikuwa Alhamisi. Mimi sikuwepo, alinisimulia baadaye. Shirika lilileta mkalimani wa Kiswahili, kijana Mtanzania, mpole sana, aliyemwamkia vizuri. Wakasema wao si watu wabaya, wataijaribu simu mbele yake. Wakapanga zamu ya uongo, ya kumi asubuhi kwa saa yao, wakaiweka simu mezani ikaita. Wote wakasikiliza. Sauti yangu ikawasalimia habari za leo, ikasema zamu yako ya kesho itaanza saa nne.

Mkalimani akasema hiyo ni sahihi, saa nne ni kumi asubuhi. Wakarudia mara ya pili. Saa nne. Wakarudia ya tatu.

Halafu wakaichukua barua yangu. Wakaisoma kwa sauti pale ilipoandikwa kwamba Mswahili yeyote akitaka kusema kumi asubuhi atasema saa nne. Wakamuuliza mama kama anakubaliana na barua aliyoileta mwenyewe. Akasema anakubaliana. Wakamuuliza, sasa kama mashine inasema saa nne, na barua yako inasema saa nne, hiyo saa kumi uliisikia wapi?

Wakaandika kwamba alimtelekeza mgonjwa, na chini yake wakaongeza kwamba alitoa maelezo ya uongo. Hilo la pili halikuwepo kabla ya barua yangu.

Mwezi ule aliomba kazi sehemu tatu. Siku hizi maombi hayasomwi na mtu. Unayatuma kwa simu, na kabla hujaiweka mfukoni umejibiwa kwamba wanakushukuru kwa kuonyesha nia. Kuna mashine inachungulia kumbukumbu zako, inaona neno moja, inakutupa. Ninaijua mashine ya namna hiyo inavyofanya kazi, mstari kwa mstari. Si mimi niliyeiandika, lakini wangeniambia niiandike ningeiandika, na ningeiandika vizuri.

Karatasi zangu zilitiwa sahihi wiki ile ile ya kikao. Meneja alinipa mkono. Ijumaa yake nilitangazwa wa pili kwa kukubali masahihisho.

Jumamosi moja mchana nikasikia mlango unagongwa, hapa kwangu Laurel. Ni mama, ameendesha toka Temple Hills bila kupiga simu. Amevaa vizuri, kitambaa cha kichwa cha kwendea kanisani, na chapati kwenye hotipoti. Nikamkaribisha kiti hakukaa. Nilijua amejua. Na nikwambie kweli, nilifurahi. Nilisema moyoni, anitukane, anipige hata kofi, tumalize, nami nitasema yote, na Jumatatu nitakwenda kuyasema tena huko kwenye shirika, liwalo na liwe. Maneno nilikuwa nayo, yamepangwa.

"Nimekuja tuongee kama watu wazima," akasema. "Nimekaa na hii kitu, siwezi lala nayo."

"Sema, mama."

"Nimekuweka kwa uongo." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Wewe na jina lako safi. Umeniandikia barua mzuri, na mimi nimekuchafua mbele ya wazungu na mbele ya kijana ya kwenu. Nimefikiria tena na tena. Lazima ulisema saa nne. Mashine haiwezi sema hivi leo na kesho hivi. Ni hii masikio yangu, imezeeka, na nilikuwa nimechoka. Mzee wa watu amekaa na nepi juu yangu mimi. Nisamehe, mwanangu."

Akashuka. Mtu wa umri ule, na magoti yake yale ya kubeba watu, akashuka mpaka chini kwenye zulia langu, akashika ukingo wa kanga yangu, akangoja.

Nikamsamehe.